Vigingi Vinne na Folda Moja

Sikuumbiwa kukaa. Mama alikuwa akisema nilitambaa nikatoka nje kabla sijajua kuna ndani. Kwa hiyo mtu anaponiuliza niliwezaje kukaa mbele ya kompyuta mjini Kisii miaka ile ya tisini ikielekea ukingoni, humjibu ukweli: sikukaa. Nilisimama, nikazunguka kaunta, nikachungulia barabarani, nikarudi kutazama taa za modemu, nikatoka tena. Mwenye duka alisema nitammalizia sakafu.

Duka lilikuwa la familia ya Kihindi iliyouza vyombo vya nyumbani tangu kabla ya uhuru: sufuria, sahani za bati, taa za chemni, blanketi. Mwenyewe alikuwa mzee mwembamba aliyezaliwa papo hapo Kisii, na Ekegusii chake kilimtosha kubishana bei na akina mama wa ndizi mpaka wakacheka. Mwanawe, kabla hajaenda Uingereza kusoma, alileta kompyuta moja, akaipachika kwenye pembe nyuma ya rafu za sufuria, akaitia Linux, mfumo wa kuiendesha, kutoka kwenye diski aliyopewa na rafiki, akaiunga na laini ya simu. Biashara ilikuwa barua pepe. Hakukuwa na mambo ya kufungua mtandao ukatazama dunia. Kompyuta yetu ilipiga simu Nairobi, ikapeleka barua za kwenda, ikachukua za kuja, ikakata. Mimi niliziandika za kwenda na kuzitoa za kuja kwenye karatasi, na wazazi wenye watoto Amerika walikuja kuzichukua wamevaa nguo za kanisani.

Nilipata kazi hiyo nikiwa nimetoka kwa mume. Sitamsema hapa, hana nafasi ya kujitetea. Nilirudi nyumbani, upande wa Nyansiongo, na binti yangu mgongoni na begi moja. Baba alikuwa amekwisha kufariki, na sikuwa na ndugu wa kiume. Mama alitupokea bila kuuliza swali, akatutandikia jikoni, karibu na jiko. Baadaye nilipopanga chumba mjini, binti alibaki naye, nami nikawa narudi mwisho wa wiki nikiweza.

Nilichotaka ni mahali pangu. Si pakubwa, nyumba ya vyumba viwili tu kwenye shamba la baba. Lakini kwetu mtoto wa kiume akikua huonyeshwa mahali pa kujenga, na wa kike huonyeshwa njia. Mama alikuwa tayari kunipa kipande chini ya zizi, na hakuwa na uwezo wa kukitoa. Mwanamke hachomeki kigingi cha kwanza cha nyumba. Huchomekwa na mwanamume wa ukoo wa kizazi cha baba, na aliyebaki alikuwa mmoja, ndugu mdogo wa baba, tunayemwita tata moke. Kila nilipomwendea aliniambia atakuja Jumapili. Jumamosi haikuwezekana, sisi ni Wasabato. Jumapili ilifika, naye alikuwa na harusi, au ng'ombe mgonjwa, au mguu.

Nami nilijua anangoja nini. Mama alikuwa anazeeka. Akiondoka kabla sijawa na ukuta wa kusimama nyuma yake, wana wa tata moke wangeliingia shamba lile, na mimi na binti yangu tungekuwa barabarani. Hilo ndilo lililonifanya nizunguke kaunta.

Sasa turudi kwenye pembe ya sufuria. Linux ina mkubwa mmoja asiyekatazwa kitu. Wengine wote ni watumiaji wa kawaida, kila mtu na chumba chake. Neno la siri la mkubwa, yule kijana wa mzee alimwachia baba yake peke yake, akamwapisha asimwonyeshe mtu, na baba alilishika kama amana. Radi ilipoanza kunguruma juu ya vilima, na Kisii alasiri bila radi ni ajabu, kompyuta ilibidi izimwe kwa utaratibu, na kuizima kulimhitaji mkubwa. Basi mzee alikuja mbio akiburuta kandambili.

"Dada, geuka," aliniambia.

Nami niligeukia rafu. Mpaka leo naweza kukutajia sufuria zile kwa mpangilio wake. Nyuma yangu nilisikia kidole chake kimoja kikitafuta herufi, na radi ikikaribia, na damu yangu ikichemka. Mimi ndiye niliyeilisha kompyuta ile barua kutwa nzima, lakini wakati wa neno lenyewe nilitazama vyombo.

Ili nisiibonyeze kila mara, nilikuwa nimeandika programu ndogo ya kufanya kazi chinichini. Haikuwa na dirisha wala haikumhitaji mtu. Iliamka yenyewe kila baada ya muda, ikapiga simu, ikalala. Iliendeshwa kwa jina langu, mtumiaji wa kawaida. Programu ya namna hiyo lazima iwe na mahali pa kuacha alama. Kompyuta huipa kila programu namba ikiwa kazini, na yangu iliiandika namba yake kwenye kifaili kidogo, ili nakala nyingine ikitaka kuanza ikione na kujua mwenzake yumo. Kazi ikiisha, kifaili hufutwa. Ni kama kofia ya baba mlangoni, watu wajue yuko ndani.

Shida yangu yote ilikuwa ni wapi pa kutundika kofia.

Kwanza niliitundika kwenye folda yangu mwenyewe, maana ndipo mahali pekee nilipokuwa na haki. Mtu anayelala jikoni kwa mamake huficha kila kitu chini ya mto wake. Ikafanya kazi vizuri mpaka Jumamosi moja nikiwa kanisani stima ikapotea, ikarudi. Kompyuta iliwaka yenyewe, programu ikaamka, ikakikuta kifaili cha zamani na namba yake. Ikaenda kuitafuta namba, na kwa bahati mbaya namba ile ilikuwa imepewa programu nyingine kabisa baada ya kuwaka upya. Ikaridhika kwamba mwenzake yuko kazini, ikarudi kulala. Wa kwanza alikuwa amekufa na kofia yake bado iko mlangoni.

Jumatatu nilimkuta mama mmoja muuza ndizi amesimama na mzee mbele ya kaunta. Alikuwa amekuja jana yake kuuliza kama mwanawe amefika salama Amerika, akaambiwa hakuna barua. Barua ilikuwa Nairobi tangu Jumamosi, imekaa kimya inatungoja. Nilifuta kifaili, nikaichukua, nikamsomea. Alinishukuru, lakini macho yake yalikuwa ya mtu ambaye hakulala. Nilijichukia siku hiyo, kisha nikaichukia stima, ambayo haijali.

Nikahamisha. Kwenye Linux kuna folda ya vitu vya muda, inaitwa tmp, uwanja wa wote. Yeyote anaweza kuweka kitu chake pale bila kumwomba mtu. Nikasema, hapa panatufaa sisi tusio na kwetu. Sikujua kijana alikuwa ameacha mfagiaji. Kila alfajiri, kwa mamlaka ya mkubwa, programu yake ilipita uwanjani ikafagia kila kilichokaa siku kadhaa bila kuguswa. Na wiki hiyo, muujiza wa Mungu, radi haikunguruma wala stima haikukatika. Programu yangu ilikaa kazini muda mrefu kuliko wakati wowote, kifaili chake kikazeeka, kikafagiwa. Yenyewe ilikuwa hai. Lakini nilikuwa nimeweka mlinzi, programu nyingine ndogo, wa kuiwasha akiona haipo, na mlinzi akatazama mlangoni, hakuona kofia, akaleta nakala ya pili.

Mbili zikapiga simu. Moja ikamkatia mwenzake. Zikaandika barua kwenye sanduku lile lile kwa pamoja, na asubuhi nilipozitoa kwenye karatasi sikuzikagua, maana foleni ilikuwa ndefu nami nilikuwa na haraka zangu. Mkulima mmoja wa chai kutoka Nyacheki, mtu mzima wa heshima, aliniomba nimsomee. Nikasoma kwamba mwanawe ameanza kazi ya kiwandani, anasalimu kanisa lote, baridi ni kali, na daktari amesema atajifungua mwezi wa tatu.

Yule mzee wa chai alitafuta mahali pa kukaa, akakaa juu ya mzigo wa blanketi.

"Soma tena hapo," alisema.

Watu walicheka mpaka barabarani. Mwenye duka hakucheka. Aliwangoja waondoke, akapanga sahani ambazo tayari zilikuwa zimepangwa, kisha akasema bila kunitazama, "Ikiharibika tena nauza hii kompyuta. Naweka friji ya soda hapo. Friji haichanganyi barua ya mtu."

"Mzee, nipe nafasi niitengeneze."

"Haraka haraka haina baraka, dada. Wewe kila siku unakimbia."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," nikamjibu, kisha nikashika mdomo.

Alinitazama, akatikisa kichwa, akaenda kwa mteja. Mimi nilitoka nikatembea sokoni mpaka juu, nikarudi, nikatembea tena. Kazi ikiisha, chumba cha mjini kimekwisha, narudi jikoni kwa mama, na tata moke anapata la kusema mbele ya ukoo: hata mjini imemshinda. Nani atamchomekea kigingi mtu wa hivyo?

Kwenye diski ya kijana mlikuwa na maelezo mengi ambayo sikuwa nimeyasoma kwa sababu ya haya makalio yangu yasiyokaa. Nikayasoma nimesimama. Kumbe pana mahali pake hasa, folda ya vitu vya walio kazini, iitwayo run, ndani ya var. Hapafagiwi na mfagiaji wa alfajiri, na kompyuta ikiwaka upya vya marehemu wote huondolewa. Ndipo palipotakiwa. Nikajaribu kuweka kifaili changu pale. Kompyuta ikaandika kwamba sina ruhusa. Nikajaribu tena, kana kwamba ingebadilisha nia kwa kuona nilivyokasirika. Haikubadilisha. Pale ni kwa mkubwa tu. Mtumiaji wa kawaida anaweza kuishi pale, lakini mpaka mkubwa amkatie folda yake ndani, aiandike kwa jina lake, amkabidhi.

Nilicheka peke yangu nyuma ya sufuria, kicheko kibaya. Nikaona uso wa tata moke kwenye skrini.

Nilimweleza mwenye duka, naye akamwandikia mwanawe. Jibu likaja: mkatie, mkabidhi, lakini kibodi usimwachie, na neno usimwambie. Basi nikageukia rafu, mzee akaketi, akakata folda moja, akaiandika kwa jina langu. Programu yangu ikaingia, ikatundika kofia yake, ikatulia. Nililala vizuri usiku ule.

Siku iliyofuata radi, zima, washa. Folda haipo.

Nilidhani mzee amenifanyia ujanja. Nilimwendea pale kwenye taa za chemni nikamwuliza, na sauti yangu haikuwa ya mwajiriwa. Akaapa hajagusa kitu. Nikazunguka lile duka kama kuku anayetafuta pa kutagia, mpaka likaniingia. Hakuna aliyenifanyia ubaya. Mahali pale pote husafishwa kompyuta inapowaka, folda yangu na vya wengine. Kukatiwa mara moja hakutoshi. Lazima mkubwa akate upya kila asubuhi ya kompyuta, na kwa kuwa mzee hawezi kungojea stima kama mlinzi wa usiku, agizo liandikwe kwenye faili linalosomwa kompyuta inapoanza: kata folda, mkabidhi fulani, ndipo wengine waamke.

"Niandike mimi, ni mistari miwili," nilimwambia.

"Kibodi sikuachii."

"Basi andika wewe."

"Mimi sijui hayo maneno."

Tukatazamana. Ndipo tulipofanya jambo ambalo sidhani lilifanyika duka lingine lolote Kenya. Mzee aliketi kama mkubwa, mimi nikasimama nimeipa kompyuta mgongo, uso kwenye sufuria, nikamsomea herufi moja moja, naye akazitafuta kwa kidole.

"M," nilisema.

"M."

"K."

"K iko wapi? Ah. K."

"Halafu D."

Mteja akaingia akitaka mfuniko, akatusikia, akasimama akasikiliza kama yuko ibadani. Tulipofika kwenye mkwaju mdogo wa kutenganisha majina, mzee aliuliza unaelekea upande gani, nami nikauchora hewani, yeye akasema mgongo wako unanizuia, sogea. Nilisogea bila kugeuka. Nilitamani kugeuka kuliko nilivyowahi kutamani kitu. Jina langu lilikuwa linaandikwa nyuma yangu na sikuweza kuliona. Alipomaliza alinisomea yote kwa sauti, nikamsahihisha mahali pamoja, akahifadhi, akatoka kwenye ukubwa.

"Haya, geuka sasa," alisema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Jina lako lina herufi nyingi."

Tukazima makusudi, tukawasha. Tulisimama wote wawili, hata yule wa mfuniko, tukitazama maandishi yakipanda. Folda ilikuwepo. Programu ikaingia. Modemu ikalia. Nikaenda kumtafutia mteja mfuniko wake.

Nadhani ndiyo yaliyonipa kichaa cha kutosubiri tena. Jumapili iliyofuata sikwenda kwa mama kungoja. Nilikwenda moja kwa moja kwa tata moke, mapema, nikamkuta hajavaa viatu. Nikamwamkia kwa adabu zote, kisha nikasimama mlangoni ambapo hangeweza kupita bila kunisogeza.

"Tata moke, leo huna harusi."

"Wewe binti una kichwa kigumu kama baba yako."

"Nilirithi. Ndicho kitu pekee nilichoruhusiwa kurithi."

Alicheka, hakupenda kucheka, lakini alicheka. Kisha akaanza yale yale: binti hapewi, wazee walisema. Nikamwambia shamba lile ni la skimu ya makazi, baba alilinunua, kabla yake lilikuwa la mzungu na ng'ombe zake, hakuna babu wa kwetu aliyezikwa pale.

"Ardhi ilikuwa ya mzungu," akasema, "mila ni zetu."

"Sikuombi shamba. Nakuomba mahali pa kulala na mtoto wangu nikiwa hai."

Sijui ni neno gani lililomgusa. Aliingia ndani, akatoka amevaa viatu, na panga. Tulitembea mpaka kwa mama. Mama alikuwa zizini anakama. Alipotuona aliinuka na ndoo, akasimama mbali, kama mtu anayeogopa kumshtua ndege. Tata moke alichonga vigingi vinne vya mkaratusi, akateremka hadi chini ya zizi karibu na ua, akapima kwa macho, akavigongea ardhini kwa mgongo wa panga kimoja baada ya kingine. Kisha akanyooka.

"Hapa utaishi," alisema. "Habari ya kuzikwa hapa sijasema, na usije ukasema nilisema."

Niliumia. Naandika hivyo hivyo, niliumia, kama mtu aliyepewa chakula akaambiwa asishibe. Mdomo ulikuwa tayari. Halafu nikaona mama kwa mbali, ndoo mkononi, hajaitua chini kwa sababu ya kusikiliza, na nikasema, "Nimesikia, tata moke. Buya mono, asante sana." Nilipewa mahali pa walio hai, na mimi nilikuwa hai. Mengine yatajibiwa na watakaobaki.

Nilirudi mjini nikatafute mabati na fundi. Stima ikakatika Kisii ilivyozoea, ikarudi, kompyuta ikawaka bila mimi wala mzee, na folda yangu ikakatwa upya kwa jina langu, na barua zikaingia nzima nzima. Friji ya soda ilinunuliwa hatimaye, lakini ikawekwa upande mwingine. Mimi nikiwa pale nilikuwa na hofu moja tu. Kigingi si nyumba. Mtu yeyote akipita anaweza kuking'oa, na tata moke hawezi kurudi kukichomeka mara ya pili. Ya kwanza tu ilimchukua muda ule wote.

Niliporudi na fundi niliteremka chini ya zizi kabla ya kusalimu. Vigingi vilikuwepo vyote vinne, mahali pale pale. Lakini vichwa vyao vilikuwa vimepondekapondeka kwa jiwe, si kwa panga, na udongo kuzunguka kila kimoja ulikuwa mbichi, umekanyagwakanyagwa na mguu mdogo usio na kiatu.

Mama alikuja nyuma yangu.

"Wanang'oa," alisema. "Navikuta vimetupwa kwenye ua."

"Nani?"

Alitazama upande wa kwa wana wa tata moke. Nikamwuliza ni nani basi anayevirudisha, maana mwanamke hachomeki kigingi cha nyumba.

"Mimi sijachomeka," alisema mama. "Aliyechomeka ni yeye, nilimwona kwa macho yangu. Mimi nakirudisha kwenye shimo lake."

"Mara ngapi, mama?"

"Kwani si kila asubuhi nakuja hapa kukama?" akasema, akainama kuchukua ndoo yake.